Uzi: Trela ya alumini ya kubebea mayai nyuma ya pikipiki ya cc 150, Uyole hadi Tukuyu

#1 Mwanzisha uzi, Uyole

Ndugu zangu, habari za kazi. Kwa miaka minne nimekuwa nikiwapelekea mayai wateja wangu wa Tukuyu na wa vituo vya njiani kwa pikipiki ya cc 150, trei zikiwa zimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Kwa namna hiyo sibebi zaidi ya trei kumi na tano, na mvua ya Rungwe, ambayo kila anayeijua njia ile anafahamu kwamba haina haraka ya kukatika, hulowesha trei za karatasi hadi zinalegea na kuachia mayai. Nilifikiria kununua toyo, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, lakini toyo ingenilazimu niiendeshe hata siku nisiyokuwa na mzigo, nami nahitaji kitu ninachoweza kukifungua nyumbani na kukiacha.

Nimeamua kutengeneza trela yenye boksi la kufunga. Trei ya mayai 30 ina upande wa sentimita 30 hivi, na nikichukua yai kuwa gramu 60, trei iliyojaa ni kilo 1.8 ukiacha uzito mdogo wa trei yenyewe. Boksi la sentimita 102 kwa 66, lenye kimo cha sentimita 40, linapokea trei sita kwa kila safu, na safu sita juu yake. Hizo ni trei 36, yaani mayai 1,080 na kilo 67 hivi za mzigo.

Nataka alumini kwa sababu ya uzito. Sakafu ya bati la milimita 2 na kuta pamoja na kifuniko cha milimita 1.5 vinanipa boksi la kilo 12 na nusu. Nilipopiga hesabu ya boksi hilohilo kwa bati la chuma la milimita 1.5 chini na 1.2 pembeni, nilipata zaidi ya kilo 28. Tofauti hiyo ya kilo 16 ni trei nane za mayai ambazo ningezipandisha mlima kuelekea Isyonje kila safari bila kulipwa na mtu.

Maswali yangu ni mawili. Je, fremu nayo naweza kuijenga kwa profaili za alumini zinazotengenezea madirisha, ambazo hapa Mbeya zinapatikana kila kona? Na je, nichomelee au nifunge kwa bolti?

#2 Fundi wa madirisha, Mwanjelwa

Profaili hizo ndizo zinazonipa riziki, kwa hiyo nisingependa kuzisema vibaya, lakini kwenye fremu ya trela usiziweke. Nyingi zina unene wa milimita moja na kidogo, na zimetengenezwa kwa ajili ya kushika kioo kilichotulia ukutani. Ukitoboa tundu la bolti na kulitikisa kwa kilomita 60, tundu linapanuka na kuwa yai. Tafuta bomba la mraba la alumini lenye unene wa milimita 3, hata kama itakubidi uagize Dar es Salaam. Vipande vya dirisha vitakufaa kwenye kona za ndani za boksi na kwenye ukingo wa kifuniko, mahali ambapo hakuna kinachovutwa.

#3 Mwalimu mstaafu wa ufundi, Iringa

Mwanangu, hesabu yako ya uzito ni sahihi, nami nimefurahi kuona mtu anaanza na mzigo kabla ya kuanza na bati. Alumini ina uzito wa theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule. Naomba hata hivyo uangalie upande wa pili wa jambo hilohilo, kwa sababu ugumu wake wa kupinda nao ni theluthi moja tu. Bomba la alumini lenye vipimo sawa na vya bomba la chuma litapinda karibu mara tatu zaidi chini ya mzigo mmoja. Anayetaka kulifanya liwe gumu analiongezea kimo, kwa maana kimo ndicho kinachozuia kupinda kuliko unene wa ukuta wa bomba.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Chuma kikitikiswa kwa nguvu ndogo iliyo chini ya kiwango fulani, kinaweza kuvumilia mitikisiko hiyo bila kikomo. Alumini haina kiwango cha namna hiyo. Kila shimo la barabarani linapunguza kidogo umri wake, hata kama jicho halioni kitu, na mwisho wake ni ufa unaoanzia kwenye kona ya tundu au pembeni ya sehemu iliyochomelewa.

Kuhusu kuchomelea, mashine za kawaida za vijiti zinazotumika kwenye mageti hazifai. Juu ya alumini kuna ngozi nyembamba ya oksidi inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za selsiasi, wakati metali yenyewe inayeyuka kwenye 660. Fundi asiye na mashine ya umeme wa kugeukageuka na gesi ya agoni ataiyeyusha metali kabla ya kuivunja ngozi hiyo, tena alumini haibadiliki rangi ikikaribia kuyeyuka, hivyo hapati onyo lolote. Hata akiwa na vifaa vyote, bomba la alumini lililoimarishwa kwa joto kiwandani hupoteza karibu nusu ya nguvu zake mahali palipochomelewa. Funga kwa bolti na ribiti.

Mkono wa kuvutia uwe wa chuma, na usiishie mbele ya boksi. Upitishe chini ya fremu hadi kwenye ekseli, ili nguvu ya pikipiki ifike kwenye magurudumu bila kupita kwenye alumini.

#4 Mwanzisha uzi, Uyole

Shikamoo mwalimu, na ahsante sana kwa maelezo. Nakubaliana nawe kuhusu bolti, na mkono nitautengeneza kwa bomba la chuma la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa 3. Bomba hilo lina uzito wa kilo 4.4 kwa kila mita, kwa hiyo kuufikisha hadi kwenye ekseli kunaniongezea karibu kilo tatu. Fremu yangu ni ya bomba la alumini la 40 kwa 40 kwa 3, ambalo mita yake ni kilo 1.2. Naona mkono ukiishia kwenye nguzo ya kwanza ya fremu, ukashikwa kwa bolti nne, utatosha kwa mzigo wa kilo 67. Nitajaribu hivyo kwanza.

#5 Mfuga nyuki, Mufindi

Naomba kuuliza, kwa nini hukuchagua gurudumu moja? Mimi ninapita kwenye njia za miguu ndani ya mashamba ya miti nikiwa na ndoo za asali, na ninaona trela ya magurudumu mawili itanikwama kwenye vishina.

#6 Mwanzisha uzi, Uyole

Ndugu wa Mufindi, kwa njia zako gurudumu moja ni sahihi. Kwangu ni kinyume chake, kwa sababu mayai yanatakiwa yasimame wima, na trela ya gurudumu moja hulala pamoja na pikipiki kwenye kila kona. Aidha, trela ya namna hiyo haiwezi kujisimamia yenyewe unapoifungua.

Kiungo nacho hutofautiana, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Trela ya gurudumu moja inahitaji kiungo kinachogeuka kushoto na kulia, kinachopanda na kushuka, lakini kisichozunguka, kwa kuwa ni pikipiki inayoizuia isianguke ubavu. Krosi ya propela ya gari dogo, yaani kile kiungo cha msalaba cha shafti yake, inafanya kazi hiyo vizuri. Trela ya magurudumu mawili lazima iwe na mwendo wa tatu, yaani kuzunguka, ili pikipiki ilale kwenye kona huku trela ikibaki imekaa sawa chini. Tufe la kuvutia la gari linaruhusu kuzunguka kidogo tu. Pikipiki ikilala zaidi ya hapo, au ikianguka, kiungo kinakaba na kuipindua trela nayo au kuukunja mkono. Nimetumia krosi, kisha nyuma yake nikaweka shafti fupi ya chuma inayozunguka ndani ya beringi mbili, zikiwa zimefunikwa na kupakwa grisi. Zaidi ya hayo nimefunga minyororo miwili iliyopishana chini ya mkono, ili kiungo kikikatika mkono usichimbe lami.

Kabla ya kukata bati lolote nilipeleka mchoro kwa askari wa usalama barabarani nikauliza kuhusu ukaguzi, usajili na taa. Nawashauri wengine wafanye hivyo mapema, kwa sababu ni rahisi kubadilisha mchoro kuliko kubadilisha trela.

#7 Fundi pikipiki, Makambako

Magurudumu umeweka ya nini? Nimewahi kuletewa trela ya nyumbani yenye magurudumu ya toroli, na bushi zake zilikuwa zimeungua hadi kubadilika rangi.

#8 Mwanzisha uzi, Uyole

Swali zuri, kaka. Nimeweka magurudumu ya bajaji, saizi 4.00-8. Toroli nalo linatumia tairi la saizi hiyohiyo, na mtu akiyaweka yote mawili ardhini anaweza kudhani ni kitu kimoja, lakini lile la toroli limetengenezwa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tairi hili likizunguka mara moja linakwenda mita 1.3 hivi, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linazunguka mara 640 kwa dakika, wakati tairi la pikipiki la inchi 17 halifiki 460. Bushi isiyokuwa na beringi haiwezi kustahimili kazi hiyo. Habu na beringi za bajaji zinapatikana hata Tukuyu, na hilo kwangu lilikuwa muhimu kuliko bei.

Ubaya wa tairi dogo ni kwamba linaingia kwenye shimo ambalo tairi la pikipiki linalipita juu. Ndiyo maana nimehangaika na shokapu. Nilichukua shokapu mbili za nyuma za pikipiki ndogo, lakini hizo zimezoea kubeba watu, na chini ya trela yangu zilikuwa kama mawe. Mayai ya kwanza niliyoyapitisha kwenye barabara ya vumbi nyuma ya nyumba yalivunjika trei mbili kati ya sita. Nilizihamisha kutoka mwisho wa mkono wa gurudumu hadi katikati yake, na mwendo ukabadilika kabisa. Ukiiweka shokapu katikati ya mkono, ugumu unaofika kwenye gurudumu unakuwa robo ya ule wa mwanzo, kwa kuwa nguvu inagawanyika kwa mbili na umbali nao unagawanyika kwa mbili. Jaribio la pili lilivunja yai moja.

Trela tupu imefika kilo 45 kwenye mizani, na ikiwa imejaa ni kilo 112. Nimeweka mizani chini ya ncha ya mkono wa kuvutia na kusogeza trei hadi ikasoma kilo 12, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Ikiwa ncha ni nyepesi kuliko hapo, trela huanza kuyumba kama mkia, na kuyumba huko huongezeka kadiri unavyoongeza mwendo. Nilijaribu makusudi kwenye eneo la wazi kwa kuweka trei nzito nyuma ya ekseli, na kwenye kilomita 35 kwa saa pikipiki ilianza kunivuta kushoto na kulia. Sitarudia tena.

#9 Mwalimu mstaafu wa ufundi, Iringa

Kazi nzuri. Hujasema lolote kuhusu breki.

#10 Mwanzisha uzi, Uyole

Ni kweli mwalimu, nilisahau, na si jambo la kusahaulika. Pikipiki na mimi tuna kilo 185 kwa pamoja. Trela ikijaa tunakuwa kilo 297, na breki ni zilezile za ngoma. Kwa nguvu ileile ya breki, umbali wa kusimama unakuwa mara 1.6 ya ule niliouzoea, yaani mahali nilipokuwa nikisimama kwa mita 20 sasa nahitaji 32. Kuteremka kutoka Isyonje kuelekea Tukuyu ninaingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza na kuiacha injini ishike, kwa sababu breki ya ngoma ikishikwa mfululizo hupata moto na kulegea. Kwenye kona ninafunga breki pikipiki ikiwa imenyooka, kisha ndipo ninapoilaza. Ukishika breki ya mbele ukiwa umelala, trela inakusukuma kwa nyuma ikiwa bado inakwenda njia ya zamani.

Kupanda kunachosha injini kuliko nilivyotarajia. Hapa Uyole tuko juu ya mita 1,700, na kwenye miinuko ya namna hii injini isiyokuwa na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Nimebadilisha sproketi ya nyuma, nikaweka yenye meno mawili zaidi. Mwendo wa juu umepungua, nao siuhitaji.

#11 Mfuga nyuki, Mufindi

Mvua je? Na vumbi?

#12 Mwanzisha uzi, Uyole

Mvua haijaingia. Kifuniko kina mdomo wa sentimita 5 unaoshuka nje ya kuta, na chini yake nimebandika mpira wa mlango wa gari. Vumbi ndilo lililonishinda mwanzoni. Nyuma ya boksi linalokwenda hewa huvutwa kwa ndani, kwa hiyo vumbi linaingia kwenye upenyo wowote wa nyuma hata kama ni mwembamba kama karatasi. Niliziba ribiti zote za nyuma kwa silikoni na kuhamisha matundu ya hewa chini ya mdomo wa kifuniko, pembeni. Matundu lazima yawepo, hasa kwa anayeshuka hadi Kyela, ambako ni chini kwa zaidi ya mita elfu moja kuliko hapa na joto lake si la kuwekea mayai ndani ya boksi lililofungwa kabisa.

#13 Mwanzisha uzi, Uyole

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tisa na safari 26, na nina jambo ambalo ni lazima niliseme wazi kwa kuwa nililibishia. Jana nikiosha trela niliona mstari mwembamba wa rangi ya kijivu kwenye nguzo ya mbele ya fremu, ukitokea kwenye tundu la bolti ya juu kushoto inayoshika mkono wa kuvutia. Nilipoupangusa kwa mafuta ya taa na kupaka chokaa, mafuta yalijitokeza tena kwenye mstari, ishara ya kwamba ni ufa. Una urefu wa milimita 14. Bomba halijapinda, bolti haijalegea, na sikuwahi kuhisi chochote nikiwa barabarani.

Nguvu yote ya kuvuta, ya kusukuma na ya kupandisha na kushusha ncha ilikuwa inapita kwenye matundu manne ya bomba moja la alumini. Mwalimu alisema hivyo hivyo kabla sijatoboa hata moja, nami nilizijali kilo tatu kuliko nilivyoijali idadi ya safari.

Kuna jambo la pili nililoliona nilipofungua. Pale ambapo bamba la chuma lilikuwa limegusana na alumini bila kitu katikati, kulikuwa na unga mweupe. Hiyo ni kutu ya alumini, inayoletwa na metali mbili tofauti kulowana pamoja. Ribiti nne za alumini nilizozipigilia kwenye bamba hilo zilikuwa zimeliwa vichwa.

#14 Mwalimu mstaafu wa ufundi, Iringa

Usihuzunike, mwanangu. Umeukuta ufa nyumbani ukiwa na kitambaa mkononi. Usiliunge bomba hilo. Libadilishe. Ukiwa njiani na ufa wa namna hiyo, toboa tundu dogo mahali ufa unapoishia ili ncha yake kali isiendelee, kisha urudi taratibu bila mzigo, lakini hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu.

Kuhusu ribiti, kipande kidogo cha alumini kikikaa ndani ya chuma kikubwa huliwa haraka. Kinyume chake, bolti ndogo ya chuma kisichoshika kutu ndani ya bati kubwa la alumini huishi vizuri, mradi uweke grisi.

#15 Mwanzisha uzi, Uyole

Nimemaliza marekebisho. Mkono mpya wa chuma unapita chini ya fremu na kuishia kwenye ekseli, ambako umeshikwa kwa bolti sita. Fremu ya alumini sasa inakaa juu ya mkono huo kwa vibano vya chuma bapa vinavyoizunguka, na sijaitoboa mahali popote kwa ajili ya kuvuta. Katikati ya chuma na alumini nimeweka vipande vya tyubu kuukuu, na chuma nilikipaka rangi kwanza. Bolti zote ni za chuma kisichoshika kutu, zikiwa na nati zenye nailoni. Ribiti zilizobaki ni za bati kwa bati, za milimita 4.8, kila baada ya sentimita 5, na hakuna iliyo karibu na ukingo kuliko milimita 10.

Trela tupu sasa ni kilo 48. Nimepunguza trei mbili kwenye safu ya juu ili uzito wote ubaki vilevile, na sasa ninabeba 34.

#16 Fundi pikipiki, Makambako

Taa umezipeleka vipi? Wengi wanaoniletea trela wanalalamika kwamba indiketa zinawaka hafifu au zote kwa pamoja.

#17 Mwanzisha uzi, Uyole

Tatizo hilo mara nyingi ni waya wa hasi, kaka. Watu wanautegemea mkono wa trela uwe njia ya kurudisha umeme kwenye pikipiki, lakini kiungo kina grisi, na kwangu mimi kuna mpira kati ya chuma na alumini. Nimevuta nyaya tano hadi kwenye soketi iliyo chini ya kiti: hasi, taa ya nyuma, breki, kushoto na kulia. Taa ni za LED ili zisiinyonye betri. Kwa kuwa trela ni pana kuliko usukani kwa sentimita kumi kila upande, nimebandika viakisi vyekundu kwenye kona za nyuma na vya manjano ubavuni, karibu na magurudumu. Waya wa hasi umefungwa kwa skrubu kwenye mkono wa chuma, chini ya bamba la taa, mahali ambapo naweza kuufikia kwa spana namba 10 bila kufungua boksi.